Majani Yaliyohifadhiwa na Panya: Namna Mazingira ya Kale ya Jangwa Yanavyosomwa

Mabaki ya mimea ni miongoni mwa ushahidi ulio karibu zaidi na hali ya hewa ya zamani. Mnyama akizidiwa na ukame huhama. Mti hauna pa kwenda. Mti uliokua juu ya mteremko fulani hadi ukazaa mbegu ulilazimika kuishi kwa mvua, baridi na jua la mteremko huo huo, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo anayepata tawi au mbegu ya miaka 20,000 iliyopita, akajua ni ya mmea gani na iliokotwa wapi, amepata habari ambazo mawe na mchanga wa mahali hapo havimpi.

Shida ni kwamba jangwa halitunzi mimea kirahisi. Katika nchi za mvua, majani na chavua huzama kwenye matope ya maziwa na vinamasi, mahali ambapo oksijeni haifiki, yakadumu humo kwa maelfu ya miaka. Ndivyo Lennart von Post wa Sweden alivyoweza, katika mhadhara wake wa mwaka 1916 mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, kuonyesha kwamba historia ya misitu inasomeka kwa kuhesabu chembe za chavua tabaka baada ya tabaka. Ukuta wa chembe ya chavua una kemikali ngumu iitwayo sporopolenini, na chembe hiyo, ingawa haionekani kwa macho, ina umbo linaloitambulisha jamii ya mmea wake. Lakini chavua hupenda unyevu usiokatika. Tope linalolowa na kukauka kwa zamu huiozesha, na tope la jangwani ndivyo lilivyo. Ziwa likikauka, upepo hubeba hata matabaka yaliyokwisha kulala.

Mahali machache tu jangwani yamesalimika. Mojawapo ni Ziwa Yoa, katika eneo la Ounianga kaskazini mwa nchi ya Chad, katikati ya Sahara. Mvua ya mwaka mzima hapo haifiki sentimita chache, na jua hukausha zaidi ya mita 6 za maji kwa mwaka, lakini ziwa halikauki kwa sababu linalishwa na maji ya chini ya ardhi yaliyoingia humo zama Sahara ilipokuwa na mvua. Stefan Kröpelin na wenzake walichimba tope la ziwa hilo wakapata matabaka yasiyokatika ya miaka 6,000, na mwaka 2008 wakachapisha walichokikuta. Chavua ya miti ya kitropiki inapungua kwanza, kisha nyasi za nchi ya Saheli nazo zinapungua, vumbi linaongezeka tangu miaka 4,300 hivi iliyopita, na jangwa kama lilivyo leo linakamilika takriban miaka 2,700 iliyopita. Kabla ya hapo, tope la bahari lililochimbwa mbele ya pwani ya Mauritania lilikuwa limeonyesha vumbi likipanda ghafla miaka 5,500 hivi iliyopita, na wengi wakaamini kwamba Sahara yote iligeuka jangwa kwa mpigo. Mimea ya Yoa inasema kwamba, hapo angalau, mabadiliko yalikwenda polepole. Hizi ni shuhuda mbili za mahali pawili tofauti, na hakuna lazima ya kuifuta moja ili nyingine iaminike.

Mahali pengine watu wenyewe ndio waliotunza mimea bila kukusudia, kwa kuiunguza. Mmea uliogeuka mkaa hauozi, na mkaa ukivunjwa na kutazamwa kwa hadubini, mishipa ya mti huonekana wazi kiasi cha kutaja jamii yake. Katharina Neumann alichunguza mkaa wa majiko ya kale ya Sahara ya mashariki, akaweza kueleza migunga na vichaka vilifika umbali gani kaskazini katika nyakati za mvua. Huko Nabta Playa, kusini mwa Misri, ambako leo hakuna mvua ya kutajika, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya vibanda na mashimo ya kupikia ya miaka 8,000 hivi iliyopita, na ndani yake mbegu nyingi zilizoungua, zikiwemo punje za mtama. Kwa umbo, mtama huo bado ulikuwa wa porini. Punje za mtama zilizokusanywa kwa wingi hivyo zinatosha kuthibitisha kwamba palikuwa na nyasi ndefu na mvua za majira ya joto, ziwe chache namna gani.

Hazina kubwa kuliko zote ya mabaki ya mimea ya jangwani, hata hivyo, haiko ziwani wala jikoni. Iko katika nyufa za miamba ya kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, na aliyeikusanya ni panya.

Panya huyo ni wa jenasi iitwayo Neotoma, yenye spishi zipatazo 20. Hujenga makazi yake katika pango dogo, chini ya jabali au ndani ya ufa, na usiku hutoka kukusanya kila kinachobebeka: vijiti, majani, mbegu, miiba ya kaktasi, mifupa, mavi ya wanyama wengine. Sehemu ya mzigo huo ni chakula, sehemu ni ngome ya kuwazuia maadui. Haendi mbali. Vitu vingi huviokota ndani ya mita 30 hadi 50 kutoka mlangoni, na ni nadra avuke mita 100. Jambo hilo dogo ndilo linaloipa hazina yake thamani. Chavua ya msonobari inaweza kupeperushwa mamia ya kilomita, ikaangukia mahali ambapo hakuna msonobari hata mmoja. Kijiti kilichomo ndani ya lundo la panya kilitoka kwenye mmea ulioota umbali wa kutupa jiwe.

Kilichobaki ni kueleza kwa nini kijiti hicho hakikuoza. Panya hukojoa juu ya lundo lake. Katika hewa kavu maji ya mkojo hukauka upesi, na chumvi pamoja na vitu vingine vilivyomo hubaki na kuganda kuwa kitu kigumu cha rangi ya kahawia iliyokoza, kinachong'aa, ambacho watafiti hukiita ambarati. Ambarati hushika majani na vijiti, huyaziba dhidi ya kuvu na wadudu, na kuligeuza rundo zima kuwa kama jiwe lililogandamana na ukuta wa pango. Maadamu mvua haipigi humo na maji hayachuruziki, lundo hudumu. Yapo yaliyopita miaka 50,000, ambao ndio mpaka wa kipimo cha kaboni-14. Wasafiri wa mwaka 1849 waliokatiza jangwa hilo kwenda kutafuta dhahabu California, kama William Manly alivyosimulia baadaye, waliyakuta mabonge yanayong'aa kama peremende, wakayala kwa njaa na kuugua kichefuchefu. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya sayansi kuyatazama kwa makini.

Waliofungua mlango huo ni Philip Wells na Clive Jorgensen. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wakichunguza mimea ya milima midogo ndani ya eneo la majaribio ya nyuklia la Nevada, katika Jangwa la Mojave. Walipanda mlima mmoja wakitafuta miti ya mreteni, jamii moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, wasiione. Mlima ulikuwa na vichaka vya jangwani tu. Lakini katika ufa wa mwamba walikuta lundo la panya, na ndani ya lundo palijaa vijiti vya mreteni vikiwa na magamba yake yote. Hapo swali likajileta lenyewe: panya wa zamani alipata wapi mreteni katika mlima usio na mreteni? Kipimo cha kaboni kilitoa jibu. Makala yao, iliyotoka mwaka 1964 katika jarida la Science, ilieleza malundo kadhaa ya Mojave, mengine ya miaka zaidi ya 40,000, yakionyesha kwamba miti hiyo ilikuwa imeteremka mamia ya mita chini ya mahali inapoota leo.

Bila kipimo cha kaboni-14 ugunduzi huo ungebaki kuwa jambo la kushangaza tu. Willard Libby na wenzake wa Chicago walikifikisha kipimo hicho ulimwenguni mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 Libby akapewa Tuzo ya Nobel. Kaboni-14 iliyomo ndani ya mmea hupungua kwa nusu kila miaka 5,730 baada ya mmea kufa. Kiasi kilichobaki hutaja umri. Kijiti kilichotunzwa na ambarati ni kaboni tupu ya mmea wenyewe, kwa hiyo hupimika vizuri kuliko vitu vingi vinavyochimbwa jangwani.

Kazi ya kulisoma lundo moja inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ni hapo makosa yanapoingia au kuzuiwa. Mtafiti hulichora lundo kwanza lilivyokaa pangoni, akaangalia kama lina matabaka yanayotengana. Kisha hubandua kipande kwa nyundo na tindo. Sehemu ya nje huparwa na kutupwa, kwa sababu ambarati hunyonya unyevu wa hewa siku za mawingu, ikalainika na kunasa vumbi, chavua na vijiti vya juzi. Kiini kilichobaki hupimwa uzito na kuzamishwa katika ndoo ya maji kwa siku kadhaa. Ambarati huyeyuka, maji yakawa meusi kama kahawa, na harufu ya mkojo wa miaka 15,000 hujaa chumbani kana kwamba ni wa jana. Mchanganyiko humwagwa kwenye chekecheo, husuuzwa, hukaushwa, na kilichosalia humwagwa mezani chini ya hadubini ili kitenganishwe kwa kibano, punje kwa punje.

Hapo ndipo mimea inapotambuliwa, na utambuzi wenyewe hauhitaji kubahatisha. Majani ya misonobari, kwa mfano, hutoka kwenye tawi yakiwa yamefungwa pamoja shinani, na idadi yake hutofautiana. Msonobari wa pinyoni wa Nevada hutoa jani moja moja, la mviringo. Pinyoni wa Colorado hutoa mawili. Ponderosa, mti mrefu wa mbao, kwa kawaida hutoa matatu. Msonobari wa milima mirefu uitwao kitaalamu Pinus flexilis hutoa matano. Hata jani likikatika vipande, mifereji ya utomvu iliyomo ndani yake na mistari ya vinyweleo juu yake hutosha kulitaja. Mara nyingi spishi yenyewe hutajika, jambo ambalo chavua haiwezi: chembe za chavua za misonobari hufanana mno. Pamoja na majani hujitokeza mbegu, mabawa ya mende, magamba ya mijusi na punje za kinyesi cha panya mwenyewe, na kila kimojawapo kina la kusema.

Kwa miongo iliyofuata, watafiti kama Thomas Van Devender, Paul Martin na Julio Betancourt, wengi wao wakiwa Tucson, Arizona, walipanda milima ya nchi hizo pango hata pango. Kitabu kikubwa cha kazi hiyo, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 1990, kinahusu miaka 40,000 ya mwisho. Picha iliyopatikana ni hii. Katika kilele cha Enzi ya Barafu, miaka 21,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya miteremko ambayo leo ni ya kaktasi na vichaka ilikuwa na mapori ya mreteni, pinyoni na mialoni midogo. Barafu kubwa iliyofunika Canada ilisukuma kusini mkondo wa upepo unaoleta dhoruba, na mvua za kipupwe zikaangukia nchi ambazo sasa hazizipati. Barafu ilipoyeyuka, mvua hizo zilirudi kaskazini, joto likapanda, miti ikapanda milima au ikafa.

Hadi hapo habari hizi zingeweza kueleweka kama safari ya kupanda na kushuka: ukanda mzima wa mimea unateremka wakati wa baridi na kupanda wakati wa joto, ukiwa mzima kama ulivyo. Malundo yanakataa. Ponderosa leo ndio mti mkuu wa nyanda za kati za milima ya Arizona na New Mexico. Katika malundo ya Enzi ya Barafu ya Uwanda wa Juu wa Colorado karibu haupo kabisa, na mahali ambapo mtu angeutarajia panakaliwa na Pinus flexilis na miti mingine ya baridi. Ulienea baadaye, baridi ilipokwisha. Kichaka cha kreosoti, ambacho leo kinatanda kwa kilomita nyingi katika Mojave hata kikaonekana kuwa ndicho jangwa lenyewe, kilikuwa kimejificha katika mabonde ya chini na ya kusini zaidi, kikafika kaskazini mwa Mojave baada ya Enzi ya Barafu kumalizika. Kaktasi mrefu aitwaye saguaro, nembo ya Arizona, anatokea katika malundo ya jimbo hilo miaka 10,500 hivi iliyopita, huku mreteni ukiwa bado jirani yake, mchanganyiko ambao leo ni wa ajabu. Jangwa la Sonora kwa mpangilio wake wa sasa wa mimea lina umri wa miaka 4,500 tu, au karibu na hapo.

Hili ndilo jambo kubwa lililofundishwa na malundo ya panya, na uzito wake unazidi jangwa la Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Frederic Clements alifundisha kwamba jumuiya ya mimea ni kama kiumbe kimoja, kinachozaliwa, kukua na kukomaa kikiwa na viungo vyake vyote. Henry Gleason alimpinga, na makala yake maarufu zaidi ni ya mwaka 1926: kila spishi inakwenda kwa uwezo wake, na jumuiya ni mkusanyiko wa wale waliokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Gleason hakusikilizwa sana siku zile. Vijiti vilivyotunzwa kwa mkojo vimempa haki. Anayeona jangwa la leo kuwa mpangilio wa tangu na tangu anaona kundi la wapitaji waliokutana juzi.

Kutoka kwenye orodha ya mimea hadi kwenye vipimo vya joto na mvua kuna hatua nyingine, na inataka tahadhari zaidi. Njia ya kale ni ya urefu wa mlima. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mtu anapopanda kilomita moja, kwa hiyo mti uliokutwa mita 600 chini ya mpaka wake wa sasa unaashiria baridi ya nyuzi 4 hivi zaidi ya leo, ikiwa joto peke yake ndilo linalouzuia kushuka. Mara nyingi silo. Miti ya mipaka ya chini huzuiwa na ukosefu wa maji kuliko joto, na mvua zaidi ingeweza kuishusha bila baridi kubwa. Ndiyo maana njia iliyo bora ni kuchukua mimea yote ya lundo moja kwa pamoja, kutazama kila mmoja unavumilia nini leo, na kutafuta hali ambayo wote wangeweza kuishi. Mimea mingi zaidi huibana nafasi hiyo ikawa nyembamba.

Lipo tena jambo la hewa yenyewe. Katika Enzi ya Barafu kabonidioksaidi ilikuwa chini ya sehemu 200 katika kila milioni, ilhali kabla ya viwanda ilikuwa 280. Mmea hupata hewa hiyo kupitia vinyweleo vya jani, na vinyweleo vikifunguka maji hupotea; hewa ikiwa adimu, mmea hulazimika kuwa na vinyweleo vingi zaidi na kupoteza maji mengi zaidi. Peter Van de Water na wenzake walihesabu vinyweleo vya majani ya Pinus flexilis yaliyotoka kwenye malundo ya vipindi mbalimbali, na mwaka 1994 wakaonyesha kwamba idadi ilishuka kwa takriban asilimia 17 wakati barafu ilipokuwa ikiyeyuka na kabonidioksaidi ikipanda. Jani moja la sindano, urefu wake sentimita chache, lilikuwa limeandika hewa lililoipumua. Anayekadiria mvua ya zama hizo kwa kulinganisha mimea na ya leo bila kulikumbuka jambo hili atakosea, kwani mmea wa wakati ule ulihitaji maji mengi kuliko mwenzake wa leo.

Hata kinyesi kilichangia. Felisa Smith, akiwa na Betancourt na James Brown, alipima upana wa punje za kinyesi cha panya hao, ambao huongezeka kadiri mwili wa panya unavyokuwa mkubwa. Makala yao ya mwaka 1995 ilionyesha miili ikikua nyakati za baridi na kupungua nyakati za joto kwa miaka 25,000. Hivyo lundo moja hutoa mashahidi wawili wasiotegemeana, mmea na mnyama, na wakikubaliana, hoja huwa na nguvu.

Udhaifu wa malundo lazima utajwe waziwazi. Panya huishi kwenye miamba, kwa hiyo nyanda za mchanga na sakafu za mabonde, ambazo ni sehemu kubwa ya jangwa, hazina shahidi. Panya huchagua: spishi moja, Neotoma stephensi, hula mreteni kwa wingi mno, na lundo lake litajaa mreteni hata kama mti huo ni mmoja mlangoni. Kwa hiyo kuwepo kwa mmea katika lundo ni ushahidi mzito, na kukosekana kwake ni ushahidi mwepesi, mpaka malundo mengi ya jirani yakose kwa pamoja. Kisha kuna mchanganyiko wa umri. Lundo linaweza kufukuliwa na panya wa baadaye na vijiti vipya vikazama katika vya kale. Mashine mpya za kupima kaboni zilipowezesha kupima mbegu moja badala ya konzi ya vijiti, katika miaka ya 1980, Van Devender na wenzake walikuta kwamba baadhi ya mimea ya jangwani iliyodhaniwa kuishi bega kwa bega na mreteni katika Enzi ya Barafu ilikuwa changa kwa maelfu ya miaka. Mahitimisho kadhaa yalibidi yafutwe. Tangu hapo, mmea wowote unaoonekana kuwa mgeni katika lundo hupimwa wenyewe, na hiyo ni kanuni isiyopaswa kulegezwa kwa sababu ya gharama.

Mbinu hiyo ilisafiri. Katika Jangwa la Atacama huko Chile, panya wengine na viskacha, mnyama mfano wa sungura, huacha malundo ya namna hiyo hiyo, na mwaka 2000 Betancourt, Claudio Latorre na wenzao walitumia mbegu na majani ya nyasi yaliyomo kueleza miaka 22,000 ya mvua, wakionyesha nyasi zikiteremka hadi mahali ambapo leo hakuna jani.

Afrika ina shahidi wake, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanamfahamu: pimbi, mnyama mnene asiye na mkia wa kuonekana, aotaye jua juu ya majabali ya Serengeti na Mwanza. Pimbi hakusanyi vijiti. Kilicho cha pekee kwake ni kwamba kundi zima huenda haja mahali pamoja, vizazi na vizazi, chini ya jabali lilelile. Mkojo na kinyesi hugandamana kuwa tabaka gumu jeusi linaloongezeka polepole, na katika mapango makavu hufikia umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Ndani yake mna chavua, iliyoletwa na upepo na iliyoliwa pamoja na majani. Kwa kuwa matabaka hulala kwa mpangilio, choo cha pimbi husomwa kwa mfululizo kama tope la ziwa, jambo ambalo malundo ya panya, yaliyo mabonge yaliyotengana, hayaruhusu kwa urahisi. Louis Scott wa Bloemfontein amesoma chavua hiyo kwa miaka mingi, na Brian Chase na wenzake wamepima pia isotopu za naitrojeni, ambazo hubadilika jinsi udongo unavyokauka. Makala yao ya mwaka 2009 ilifuatilia mabadiliko ya ukame kusini-magharibi mwa Afrika, pembezoni mwa Namib, eneo lisilo na ziwa la kudumu. Kwa nchi kama hiyo hakuna kumbukumbu ya nchi kavu iliyo nzuri kuliko hii.

Mabaki ya mimea husaidia pia kujua jangwa lipi ni kazi ya mbingu na lipi lina mkono wa mtu. Katika Bonde la Chaco, New Mexico, watu walijenga majumba makubwa ya mawe kati ya mwaka 850 na 1150 BK, yakitumia magogo yanayokadiriwa kuwa 200,000 au zaidi. Leo bonde karibu halina mti. Betancourt na Van Devender walikuta katika malundo ya panya kwamba pinyoni na mreteni vilikuwa vimeota humo kwa maelfu ya miaka na kutoweka karibu na zama za wajenzi, na mwaka 1981 wakatoa hoja kwamba kuni na ujenzi ndivyo vilivyoyamaliza mapori hayo. Hoja hiyo bado inabishaniwa. Uchunguzi wa kemia na pete za miti umethibitisha kwamba magogo makubwa yalitoka kwenye milima iliyo kilomita 75 au zaidi, na wapo wanaosema ukame ulitosha kuiondoa miti michache iliyokuwepo. Lakini pande zote mbili zinakubali kwamba miti ilikuwepo, na hilo lisingejulikana bila panya.

Hazina hii hairudi ikiharibiwa. Katika Pango la Rampart, ndani ya Grand Canyon, palikuwa na tabaka nene la mavi ya mnyama mkubwa aliyekwisha kutoweka, slothi wa ardhini, yenye majani na mashina aliyoyala zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Mwaka 1976 moto ulizuka pangoni humo, ukala sehemu kubwa ya tabaka hilo kabla ya kuzimwa. Malundo ya panya huyeyuka maji yakipata njia mpya ya kuingia, na matabaka ya pimbi huvunjwa ili yauzwe kuwa dawa na manukato. Yeyote anayekuta gamba jeusi gumu chini ya jabali katika nchi kavu, iwe Marekani, Namibia au kwingineko, asilibandue wala kuwasha moto karibu nalo. Alipige picha, aandike mahali lilipo, na awaarifu watu wa makumbusho au wa chuo kikuu kilicho jirani.